Wauguzi wa ICU wanafaulu mtihani wa kupima maumivu, wakirudi wodini chati ni sifuri tupu. Tunakosea wapi kufundisha?

#1 Mkufunzi_Kitandani
Wakuu habari za kazi. Hoja hii ni kwa wanaofundisha na kusimamia wauguzi wa ICU, na kwa wauguzi wenyewe.

Mafunzo ya maumivu karibu kila hospitali yana sura moja. Siku mbili ukumbini, slaidi za aina za maumivu, ngazi ya dawa ya WHO ya mwaka 1986 (ambayo iliandikwa kwa ajili ya saratani, si kwa mtu mwenye tyubu mdomoni), mtihani wa kuanzia, mtihani wa kumalizia, cheti. Alama zinapanda vizuri tu. Nenda wodini wiki sita baadaye ufungue chati ya CPOT (kipimo cha maumivu kwa asiyeweza kujieleza, unatazama tabia yake). Majeruhi wa ajali, mbavu nne zimevunjika, ana mpira wa kifuani: sifuri. Aliyefunguliwa tumbo jana: sifuri. Wino mmoja, mwandiko mmoja, sifuri zote zimelala upande mmoja kama zilizoandikwa kwa mkupuo.

Dai langu ni kwamba muuguzi anajua. Tatizo tunamfundisha kuandika namba bila kumpa cha kufanya baada ya namba. Kama akiandika 5 au akiandika 0 mgonjwa anapata kilekile, kwa nini ajisumbue kutazama?

Karibuni.

#2 ZamuYaUsiku
Nakubaliana nawe nusu. Nusu nyingine ni hesabu ya watu. CPOT inataka umtazame mgonjwa dakika nzima akiwa ametulia, umtazame tena unapomgeuza au kumnyonya makohozi, halafu umpime kabla ya dawa na dawa inapofika kileleni. Kwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa watatu kwenye mashine za kupumulia, dripu za presha zinaisha, na mmoja anatapika, hiyo dakika inatoka wapi? Muulizeni mwajiri kwanza, ndipo mmuulize mkufunzi.

#3 DktGanzi
@ZamuYaUsiku uhaba wa watu ni kweli, ila hauelezi hizi sifuri. Mgonjwa anageuzwa kila saa mbili hata kama hakuna anayepima maumivu. Mikono iko mwilini tayari, macho yako usoni tayari. Kupima wakati huo hakuongezi safari.

Mimi naona kosa ni macho kuelekea kwenye monita. Muuguzi amezoeshwa tangu chuoni kwamba maumivu ni presha kupanda na mapigo kwenda mbio. Miongozo ya SCCM (chama cha wataalamu wa ICU) ya Marekani, ule wa 2013 na ule wa 2018, yote inasema vipimo hivyo peke yake si kipimo cha maumivu. Ni kengele ya kukwambia kapime kwa njia inayofaa. Sababu iko wazi: aliye kwenye noradrenalini (dawa ya kupandisha presha), mwenye homa, anayevuja damu ndani, wote presha au mapigo yao yanaweza kuwa juu bila maumivu kuhusika. Na mzee anayetumia atenololi, dawa inayopunguza mapigo, anaweza kuwa na mapigo 68 huku anateseka. Ukifundisha CPOT bila kwanza kuing'oa imani ya monita, muuguzi atatazama monita, aone 82, aandike sifuri.

#4 Mpwapwa_Mjini
Naongezea jambo. CPOT inaanzia 3 inaishia 12, kwa hiyo hiyo sifuri haiwezekani kabisa. Hizo chati ni za kughushi.

#5 Bint_Kaskazini
@Mpwapwa_Mjini hapana ndugu yangu, hiyo ni BPS. Ziko mbili na zinachanganywa kila siku.

BPS ilitoka Ufaransa, kwa Payen na wenzake wa Grenoble, mwaka 2001. Inatazama mambo matatu (uso, mikono, kukubaliana na mashine), kila moja 1 hadi 4. Ndiyo maana chini kabisa ni 3 na juu 12.

CPOT ni ya Céline Gélinas wa Kanada, 2006. Mambo manne (uso, mwendo wa mwili, ukakamavu wa misuli, kukubaliana na mashine), kila moja 0 hadi 2, jumla 0 hadi 8. Asiye na tyubu, pale penye mashine unatazama sauti: anaongea kawaida au kimya 0, anaguna au kuugua 1, analia kwa sauti 2.

Kuna hatari hapa ambayo mafunzo mengi hayaigusi. Kwenye BPS, 3 maana yake ametulia kabisa. Kwenye CPOT, 3 maana yake chukua hatua. Muuguzi akihamishwa kutoka ICU inayotumia BPS kwenda inayotumia CPOT, ataona 3 ataridhika. Hospitali moja ichague kipimo kimoja, na jina la kipimo liandikwe juu ya safu, isiwe "maumivu" tu.

#6 Mpwapwa_Mjini
Nimesahihishwa, asante dada.

#7 Mkufunzi_Kitandani
@Bint_Kaskazini kati ya yale manne ya CPOT, wapi wanakosea zaidi?

#8 Bint_Kaskazini
Ukakamavu wa misuli, mbali sana na mengine. Watu wanautazama. Hautazamwi, unashikwa. Shika kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, kunja na kunjua taratibu mara mbili tatu. Mkono ukifuata bila kupinga, 0. Ukipinga lakini ukakunjika, 1. Ukipinga kwa nguvu hata kitendo kisikamilike, 2. Na hili hufanywa mwisho, baada ya uso, mwili na mashine. Kule kumshika tu kunaweza kumshtua, uso ukabadilika, ukawa umepima usumbufu uliomletea wewe.

Pili ni uso. 1 ni ndita kwenye paji, nyusi zimeshuka, ngozi ya kuzunguka macho imekaza. 2 ni hayo yote pamoja na kope zilizofumbwa kwa nguvu, na pengine anang'ata tyubu. Wengi wanatoa 2 kwa ndita peke yake, wengine hawatoi kitu mpaka machozi yatoke. Machozi si sharti la CPOT.

Tatu, wanaandika wastani. Unaandika alama ya juu kabisa uliyoiona katika muda wa kutazama. Aligeuzwa akafikia 5, akalala akarudi 1: ya kugeuzwa ni 5.

#9 SistaMombasa
Hujambo nyote. Bint umeeleza vizuri, na maelezo yako yanaonyesha kwa nini siku mbili za ukumbini hazitoshi. Kukunja mkono wa mtu hakufundishwi kwa slaidi.

Njia inayofanya kazi ni kupima wawili wawili. Mkufunzi na muuguzi wanasimama kitanda kimoja, wakati mmoja, mmoja kushoto mmoja kulia, kila mtu na karatasi yake, hakuna kuchungulia. Wanapima akiwa ametulia, kisha akigeuzwa. Wakimaliza wanafunua. Tofauti ya alama 1 kwa jumla, endeleeni. Ikifika 2 au zaidi, rudini kipengele kwa kipengele mpaka mjue nani aliona nini. Fanya mara kumi kwa wagonjwa tofauti, na angalau watatu wawe katika kugeuzwa. Aliyepita hapo ndiye anasainiwa. Kisha rudia kila baada ya miezi mitatu, sababu jicho huteleza: wodi yenye majeruhi wengi huanza kuona 3 kama kawaida.

Kwetu Kenya wanaosoma diploma ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi pale KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba) wanapitia mazoezi ya kitandani kwa muda mrefu. Shida ni wale waliohamishiwa ICU kutoka wodi ya kawaida, wakapewa wiki moja ya kuzoea basi.

#10 ZamuYaUsiku
Sista mpango ni mzuri, lakini nani atabaki na wagonjwa wengine wakati wawili mko kitanda kimoja mara kumi? Tunarudi kulekule kwenye idadi.

#11 SistaMombasa
Dakika nne kila mara, kaka. Kumi ni dakika arobaini kwa mtu mmoja, tena unazigawa wiki mbili. Ukumbini mlikaa siku mbili nzima na wagonjwa wakabaki na nani?

#12 ZamuYaUsiku
Hapo umenishika.

#13 Mfamasia77
Wakuu, mnapima vizuri sana, ila turudi kwa mleta uzi: cha kufanya baada ya namba. Hapo ndipo kuna kabati la DDA, la kufungia dawa zinazodhibitiwa kama mofini.

Muuguzi ameona 5. Mofini iko kabatini, funguo ziko kwa msimamizi wa zamu, msimamizi yuko jengo jingine. Anahitaji agizo la daktari lililoandikwa, sahihi mbili, daftari. Ampuli ina miligramu 10, dozi ni 2. Hizo 8 zilizobaki zinamwagwa mbele ya shahidi na kuandikwa, na kila muuguzi anaogopa mstari wa "zimemwagwa 8" kwa sababu ndio unaoulizwa kwenye ukaguzi. Anaona heri aandike 2 kwenye chati, ambayo haidai hatua.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya 2015 haikatazi mofini kwa matibabu. Woga tumejitengenezea wenyewe ndani ya majengo. Dawa yake ni sirinji moja kwa mgonjwa mmoja kwa zamu moja: mofini ampuli ya 10 mg kwenye mililita 1, ongeza maji ya chumvi mililita 9, unapata 1 mg kwa kila mililita. Lebo ya jina, namba ya kitanda, saa, sahihi mbili. Inafungiwa, inahesabiwa kwa mililita wakati wa kukabidhiana zamu, kilichobaki kinamwagwa mara moja tu mwisho wa zamu. Soma ampuli kabla ya kuchanganya. Ziko za 15 mg, na hizo zinataka maji mililita 14, si 9.

#14 KampalaRoad
Uganda tulimaliza hili zamani. Tangu 2004 wauguzi wote wanaandika mofini wenyewe, hawamsubiri daktari. Igeni.

#15 Mfamasia77
@KampalaRoad siyo wote. Ruhusa ya 2004 ni kwa wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kwa kozi maalumu. Ilisukumwa na kazi iliyoanzishwa na Anne Merriman pale Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ya mofini ya maji inayotengenezwa kutokana na unga na kunywewa nyumbani. Ni hatua kubwa na inastahili sifa, lakini haimhusu muuguzi wa ICU anayesukuma mofini ya mshipani kwa mtu aliye kwenye noradrenalini.

#16 KampalaRoad
Sawa, nakubali ni wa tiba shufaa. Hata hivyo somo linabaki: nchi iliamini kwamba muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kukabidhiwa dawa hiyo. ICU nako mnaweza kufika kwa njia ya agizo la kudumu, hakuna sheria ya kubadilishwa.

#17 DktGanzi
Agizo la kudumu ndiyo njia, na liwe ukurasa mmoja. Kwa mtu mzima aliye kwenye mashine linaweza kuwa hivi: CPOT 3 au zaidi, kwanza ondoa sababu zisizo maumivu (nazieleza chini), kisha mofini 2 mg mshipani taratibu, au fentanili mikrogramu 25 hadi 50. Pima tena. Bado 3 au zaidi, rudia. Baada ya dozi tatu bila nafuu, piga simu. Usitoe, piga simu kwanza, ikiwa namba ya juu ya presha iko chini ya 90 au mgonjwa haamki kwa sauti.

Sasa "pima tena" ndipo watu wanapotea. Mofini ya mshipani inafika kileleni kama dakika 20. Anayerudi dakika ya tano anaona hakuna kilichobadilika, anaongeza, dakika ya kumi anaongeza tena, na nusu saa baadaye dozi tatu zinafanya kazi pamoja na presha imeshuka. Fentanili inaanza dakika 1 hadi 2 na inakwisha nusu saa hadi saa moja. Kwa hiyo ukimpa fentanili moja wakati unapanga troli, halafu kusafisha kidonda kukachukua dakika arobaini, nusu ya pili ya kazi anaumia kama hakupewa kitu.

Figo zikiwa zimefeli, acha mofini, tumia fentanili. Mofini huacha mabaki yenye nguvu yanayotolewa na figo. Yakirundikana mgonjwa haamki siku mbili na mnampeleka CT bure. Pethidini iacheni kabisa ICU, mabaki yake yanaleta degedege.

Sababu zisizo maumivu: mgonjwa anayepigana na mashine na kurusha mikono ana 4 tayari bila ndita hata moja. Kabla ya kushika mofini angalia oksijeni, nyonya makohozi, mwaga maji yaliyojaa kwenye mipira ya mashine, soma alama ya tyubu kwenye meno kama ni ileile ya asubuhi (ikizama inaingia pafu la kulia), papasa kibofu na ufuate mpira wa mkojo mpaka kwenye mfuko. Mpira uliokunjwa chini ya paja umeshasababisha sindano nyingi zisizo na kazi.

#18 Mpwapwa_Mjini
Dokta hilo la mpira wa mkojo liandikwe ukutani. Swali: parasetamoli ya dripu inasaidia chochote kwa mgonjwa wa namba 5, au ni kujifurahisha?

#19 Mfamasia77
Inasaidia kupunguza kiasi cha mofini, haitoshi peke yake. Gramu 1 kwa dakika 15, kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Chini ya kilo 50 tumia 15 mg kwa kilo. Mambo mawili ya kuangalia: presha inaweza kushuka kwa mgonjwa mahututi, na itaficha homa, kwa hiyo usitegemee joto kuwa dalili ya maambukizi. Diklofenaki mshiko wake ni mzuri kwa mfupa, ila kwa mwenye mshtuko au figo dhaifu usiiguse.

Na wekeni dawa ya kulainisha choo siku ileile mofini inapoanza. Tumbo likijaa siku ya nne anapigana na mashine, CPOT inapanda, anaongezewa mofini, tumbo linazidi.

#20 Mkufunzi_Kitandani
Ketamini je? Vituo vingi haimo kwenye kabati la DDA, iko rafu ya kawaida ya dawa za usingizi. Hii ingepita kando ya funguo zote.

#21 DktGanzi
Kwa kiasi kidogo ni msaidizi mzuri. Kichupa cha kawaida ni 50 mg kwa mililita, mililita 10. Chukua mililita 1, ongeza maji ya chumvi mililita 49, unapata 1 mg kwa mililita. Mgonjwa wa kilo 60 kwa 0.1 mg kwa kilo kwa saa ni mililita 6 kwa saa. Kosa la kawaida ni kuchukua mililita 10 badala ya 1. Hapo umemlaza kwa dozi ya upasuaji. Tarajia mate mengi, na anayeamka aongee vitu visivyokuwepo, kwa hiyo punguza taa na kelele.

Lakini isiwe njia ya kukwepa kabati. Kabati lirekebishwe.

#22 Fundi_Pampu
Naingia upande wa vifaa, maana dozi zote hizo zinapita kwangu. Pampu ya sirinji ina menyu ya kuchagua aina na ukubwa wa sirinji. Kipenyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ukiweka sirinji ya kampuni moja na kuchagua nyingine, pampu itaonyesha mililita 6 na mgonjwa atapata kiasi kingine. Hili halimo kwenye mafunzo yoyote ya maumivu niliyosoma mtaala wake.

La pili: kwenye mwendo mdogo, mililita 1 au 2 kwa saa, pampu inatumia muda kukaza ulegevu kabla ya tone la kwanza kutoka. Bonyeza kitufe cha kujaza mpira mpaka tone lionekane kwenye ncha, ndipo uunge kwa mgonjwa. Kamwe usikibonyeze akiwa ameungwa.

La tatu ndilo baya zaidi. Mpira umekunjwa, kengele ya kuziba inalia, nesi anaunyoosha haraka. Msukumo wote uliojikusanya unaingia kwa mgonjwa mara moja. Funga koki upande wa mgonjwa kwanza, toa msukumo upande wa sirinji, ndipo unyooshe. Na pampu ikae usawa wa moyo, isining'inie juu ya kitanda, sirinji ikichomoka hapo dawa inajivuta yenyewe.

#23 ZamuYaUsiku
Fundi umetoa nondo. Umeme ukikatika?

#24 Fundi_Pampu
Betri inayoshinda kwenye chaja mwaka mzima bila kupimwa huonyesha imejaa na inakufa mapema. Chomoa kila mwezi uone inadumu kwa muda gani. Pasipo pampu ya uhakika, dozi ndogo za mkono kwa saa maalumu ni salama kuliko kuhesabu matone ya mofini kwenye dripu.

#25 SistaMombasa
Nabadilisha upande kidogo, nizungumzie lugha, maana wagonjwa wengine wako macho na wanaweza kutuambia wenyewe. Kujieleza kwa mgonjwa ndiyo kipimo cha kwanza, CPOT ni ya asiyeweza.

Huku pwani na Nairobi mgonjwa husema "nasikia uchungu". Muuguzi kutoka bara Tanzania, uchungu kwake ni wa kuzaa. Na swali la "unaumwa?" kwa Mtanzania ni kuuliza kama mgonjwa, atajibu ndiyo, si yuko ICU! Ulizeni "unasikia maumivu sasa hivi?" kisha "wapi panauma?" aoneshe kwa kidole. Mwenye tyubu anaitikia kwa kichwa au anafumba macho mara moja kwa ndiyo.

Namba zinahitaji kuonekana. Kazi ya Gérald Chanques wa Montpellier ya 2010 ilionyesha kwamba mstari mkubwa wa 0 hadi 10 uliolala, unaoshikwa mbele ya macho, unajibiwa na wagonjwa wengi zaidi ICU kuliko kuulizwa kwa mdomo tu. Maandishi yawe makubwa, na mrudishie miwani yake kabla ya kumuuliza.

#26 Bint_Kaskazini
Mombasa hamtuachi salama kwenye Kiswahili, na hapa mna haki.

Niongeze neno "kidogo". Mzee akisema "panauma kidogo tu, mwanangu" wakati jasho linamtoka, ni adabu hiyo, anaogopa kukusumbua. Usiandike 2. Mwambie akohoe au avute pumzi ndefu, mtazame, kisha mwoneshe mstari tena. Na sisi tukome kumwambia mwanaume "jikaze". Asiyevuta pumzi ndefu kwa sababu ya mbavu anapata nimonia, kujikaza kunamgharimu mapafu.

#27 KampalaRoad
Na woga wa uteja? Wauguzi wengi nadhani wanabana mofini kwa kuogopa mgonjwa atazoea.

#28 DktGanzi
Upo, na unachanganya vitu viwili. Mwili kuzoea dawa baada ya siku nyingi ni jambo la kawaida, ndiyo maana unapunguza taratibu na hukati ghafla. Uteja ni kuendelea kutafuta dawa hata inapokudhuru. Mgonjwa wa ICU wa wiki moja anahitaji mpango wa kupunguza, hahitaji kunyimwa.

Woga wenye msingi ni wa pumzi kwa asiye na tyubu. Usingizi hutangulia pumzi kupungua. Akisinzia katikati ya sentensi, simama hapo, usisubiri pumzi zifike 8. Naloksoni iwe tayari: ampuli ya 0.4 mg pamoja na maji ya chumvi mililita 9, toa mililita 1 kila dakika 2 mpaka avute pumzi vizuri. Ukimsukumia yote kwa pamoja anaamka kwa maumivu makali na presha inaruka. Halafu usiondoke, naloksoni inaisha kabla ya mofini.

#29 Mpwapwa_Mjini
Kunyonya makohozi ndiko kunakoongoza kwa kuumiza ICU, sijui kwa nini hakuna aliyetaja dawa ya kutangulia.

#30 Bint_Kaskazini
Kunaumiza, ila hakuongozi. Utafiti wa Kathleen Puntillo na wenzake wa 2001 ulikuta kwa watu wazima kugeuzwa ndiko kulikoumiza zaidi kati ya vitendo walivyopima. Ule mkubwa wa Europain wa 2014, wagonjwa 3,851 kutoka nchi 28, juu kabisa kulikuwa na kuchomoa mpira wa kifuani, kuchomoa mpira wa kidonda, na kuweka mrija wa ateri. Kuchomoa mpira wa kifuani kunafanywa na watu kwa "vuta pumzi, shikilia" tu. Mofini dakika 20 kabla, au fentanili dakika 3 hadi 5 kabla. Troli isisogee mpaka saa ifike.

#31 DktGanzi
Turudi kwenye sifuri za mleta uzi, kuna maelezo ambayo hayajatajwa: huenda ni sifuri za kweli. Mgonjwa aliyelazwa kwa midazolamu (dawa ya usingizi) hadi RASS −4 (kipimo cha usingizi, −4 ni mzito sana) hakunji uso, hakakamai, hapigani na mashine. CPOT yake ni 0. Midazolamu na propofoli haziondoi maumivu, zinaondoa uwezo wa kuyaonyesha. Ndiyo maana miongozo inasema tuliza maumivu kwanza, dawa ya usingizi ifuate ikihitajika. Anzeni kupunguza midazolamu muone kama sifuri zitabaki.

Na aliye kwenye atrakuriamu au vekuroniamu hapimiki kwa kipimo chochote cha tabia. Misuli imelegezwa yote, ya uso pia. Huyo unamchukulia kwamba anaumia, dripu ya fentanili inatangulia kabla ya dawa ya kulegeza, na kwenye chati huandiki 0. Maana ya maumivu ya IASP (chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu) iliyorekebishwa 2020 inasema wazi kwamba kushindwa kujieleza hakuondoi uwezekano kwamba mtu anaumia.

#32 Mkufunzi_Kitandani
Huandiki 0, unaandika nini? Chati nyingi nilizoziona zina visanduku vya namba tu.

#33 Bint_Kaskazini
Ndiyo hapo. Fomu haina mahali pa "haipimiki", muuguzi anajaza kilichopo. Wekeni herufi H, na mtaala ufundishe lini inatumika: RASS −4 na −5, na dawa za kulegeza misuli. Wenye jeraha la ubongo wanapimika lakini kwa tahadhari, mara nyingi hawakunji uso kwa ukamilifu. Hufumbua macho ghafla, hutoa machozi, au uso huiva wekundu, na huo wekundu kwenye ngozi zetu hauonekani, msiusubiri.

#34 ZamuYaUsiku
Kwa hiyo tuna fomu mbovu, midazolamu nyingi, kabati, monita, na jicho lisilolinganishwa. Na bado idadi ya watu, siiachi. Chukueni chati mlinganishe saa. CPOT inaandikwa saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Kugeuza kumeandikwa saa nane na saa kumi. Hakuna pimo hata moja lililoangukia kwenye kugeuzwa. Alipimwa amelala.

#35 SistaMombasa
Hapo basi chati iwe na safu mbili, "ametulia" na "akigeuzwa", na ya pili isijazwe bila saa.

#36 ZamuYaUsiku
Na chati ihamie kwenye miguu ya kitanda, kalamu imefungwa kwa uzi. Sasa hivi iko kwenye meza ya wauguzi, mita kumi kutoka kwa mgonjwa, na sifuri zinaandikwa hapo.

#37 DktGanzi
Iko mezani kwa sababu wakati wa raundi sisi ndio tunaiita mezani.